Nampeleka mama Roma Krismasi, magoti yanamsumbua: kwa Mtakatifu Petro ataweza?

binti_kibosho

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa na habari za leo kwa wote. Naombeni mawazo kwa mnaoishi Roma au mliowahi kwenda kipindi cha Krismasi. Mimi niko Stuttgart Ujerumani nafanya kazi ya uuguzi, na Desemba hii mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Moshi, ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Mama ni WAWATA damu (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania), umri umeshagonga sabini, na tangu niko mdogo ombi lake ni hilohilo, akanyage kwa Mtakatifu Petro, ile Basilika ya Papa pale Vatikani, kabla Mungu hajamwita. Papa Yohane Paulo II alipokuja Tanzania 1990 akafika na Moshi, mama alikuwepo, walitoka Kibosho usiku kwa miguu na wenzake, na picha ya Papa aliyoinunua siku ile mpaka kesho iko sebuleni juu ya kabati la vyombo, imepauka lakini ole wako uiguse.

Sasa shida ni magoti. Anatembea mwenyewe taratibu ila kusimama nusu saa tu ni shughuli. Na mimi nilikuwa nimepanga twende kwenye Misa ya Mkesha kabisa na Papa mwenyewe, kuna mtu nimemuona mtandaoni anauza tiketi euro 80 kwa kichwa, hivi zinauzwa kweli? Na tukikosa tiketi inakuwaje, ndo mama aje aishie kuliona kanisa kwa nje? Na baridi ya Roma ikoje, foleni zikoje, mtu wa magoti anasaidiwa au anapangwa na wengine? Nimeuliza nimechanganya ila nadhani mmenielewa. Nataka Krismasi hii iwe ya mama, kazi nitafanya maisha yangu yote.

mlezi_monteverde

Milele amina dada. Mimi naishi Roma miaka mingi sasa, natunza wazee, kwa hiyo magoti ya mama nayaelewa vizuri kuliko unavyodhani.

Hiyo ya euro 80 achana nayo leo leo. Tiketi za ibada za Papa ni bure zote na haziuzwi na mtu yeyote, zinatolewa na Prefektura ya Nyumba ya Kipapa, ni ofisi ya Vatikani. Unaandika ombi mapema, miezi miwili mitatu kabla, unataja ibada gani, tarehe gani na mko wangapi. Njia inayosaidia ni kumshirikisha paroko wako wa huko Ujerumani, au kama jimboni kwenu kuna padre au sista anasoma hapa chuo kikuu cha Urbaniana muombe akusaidie kufuatilia, wapo wengi na wana moyo. Mkikubaliwa mnazichukua kwenye Mlango wa Shaba, ukisimama unalitazama kanisa ni upande wako wa kulia kwenye zile nguzo.

Ila nikwambie ukweli ambao watu hawausemi, tiketi sio kiti. Ukishakuwa nayo bado unapanga foleni ya ukaguzi, milango ikifunguliwa watu wanakimbia, vijana na masista wote wanakimbia, na anayewahi ndo anayekaa mbele. Papa Fransisko miaka yake ya mwisho Mkesha ulikuwa unaanza saa moja au saa moja na nusu jioni, ila Papa Leo XIV Noeli yake ya kwanza 2025 ameurudisha saa nne usiku. Sasa piga hesabu, mzee wa sabini yuko nje kwenye baridi ya usiku tangu jioni, Misa ianze saa nne, mtoke karibu saa sita na mabasi mengi yameshalala. Mwili wa mama yako unaujua wewe, mimi nakupa picha tu.

Ninachokushauri usiitundike safari nzima kwenye Mkesha. Siku ya mama iwe tarehe 25 uwanjani, pale mbele ya Basilika. Saa sita kamili mchana Papa anatokea kwenye baraza la katikati la Basilika anatoa ujumbe wa Noeli na baraka ya Urbi et Orbi, yaani kwa mji wa Roma na dunia nzima, na inaambatana na rehema kamili kwa masharti yale ya siku zote ya kitubio, Komunyo na kuombea nia za Papa. Hakuna tiketi pale, ni kupita ukaguzi tu na kuingia. Kabla yake bendi zinapigwa, Walinzi wa Uswisi wanaingia na sare zao zile za rangi rangi na mikuki, jua la Desemba likiwa zuri linapiga moja kwa moja uwanjani, na watu wanapeperusha bendera za kila nchi. Beba ya Tanzania dada, kubwa, usiache. Mama ataona wenzake wanaibuka wenyewe kutoka kwenye umati, Wakenya, Waganda, Wakongo, mtasalimiana kwa Kiswahili pale kama mko kwenye kigango.

Na usiseme ati aliyeko uwanjani kaishia nje. Mkesha wa 2025 mvua ilikuwa kubwa, ndani kumejaa, maelfu wamebaki uwanjani na miamvuli wanafuata kwenye skrini. Papa Leo kabla ya Misa akatoka nje kwao akawasalimia, akawaambia Basilika ni kubwa sana lakini haikutosha kuwapokea wote, akawashukuru kwa kuja na mvua ile. Mimi nilikuwa upande wa nje. Kuna bibi mmoja karibu yangu alifunga mwamvuli akapiga ishara ya msalaba, mvua inamshukia kichwani hana habari. Sitaki mtu aniambie yule bibi hakufika kwa Mtakatifu Petro.

Sasa kuingia ndani ni siku nyingine, na ndani lazima aingie. Kuingia Basilika ni bure, foleni ni ya mashine za ukaguzi tu. Nendeni siku ya kawaida, tarehe 22 au 23 au 27 hivi, muwe uwanjani saa moja asubuhi linapofunguliwa, muda huo unaingia haraka, ukija saa nne au saa tano foleni imezunguka uwanja mzima. Mabega na magoti yafunikwe, mama na kitenge chake atapita vizuri tu ila chini avae suruali nzito ya baridi, na viatu visiteleze maana yale mawe ya uwanjani yakilowa ni hatari kwa mzee.

mwl_wa_tabora

Dada yangu mimi napingana kidogo na mlezi hapo juu kwa heshima zote. Tarehe 25 uwanjani ni kusimama masaa. Viti siku hiyo usivitegemee, na umesema mwenyewe kusimama nusu saa kwa mama ni shughuli. Kwa nini msiende baada ya Krismasi? Pango la Noeli na mti mkubwa pale uwanjani haviondolewi tarehe 26 kama madukani, vinakaa mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi wa kwanza, kwa hiyo ukienda tarehe 2 au 3 Januari mama anaona kila kitu na mtoto Yesu ameshalazwa horini, maana kabla ya usiku wa tarehe 24 hori lile linakuwa tupu. Tarehe 6 ni Epifania, sikukuu ya Mamajusi. Na Sala ya Malaika wa Bwana Papa anaisali na watu saa sita mchana kila Jumapili, tarehe 26 Desemba pia ipo kwa ajili ya Mtakatifu Stefano, ni fupi, robo saa hivi, mama anamuona Papa dirishani anapata baraka mnaenda kula. Hiyo kwa mtu wa magoti ndo saizi yake.

Halafu mimi kama mwalimu naona watu wanaingia pale wanapiga picha wanatoka hawajui wamepita wapi. Muandae mama. Basilika hii iliyopo ilianza kujengwa 1506 ikatabarukiwa 18 Novemba 1626, kwa hiyo mnakwenda mwaka huohuo inapotimiza miaka 400, sio jambo dogo hilo. Ndani ni mita 186 na ushee kutoka mlangoni hadi mwisho, kwa hiyo mpumzishe njiani. Na mwambie kwamba mle mle ndani, tarehe 18 Oktoba 1964 wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, Papa Paulo VI aliwatangaza Karoli Lwanga na wenzake mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, na maaskofu wetu wa Afrika wakiwa kwenye Mtaguso huohuo, akiwemo Kardinali Laurean Rugambwa ambaye Yohane XXIII alishamfanya kardinali 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi. Mama akijua hivyo ataingia anatembea kama mwenye nyumba, na ndivyo inavyotakiwa. Sisi sio wageni pale.

Kwenye kuba asipande. Ngazi ni 551, na ukilipia lifti bado zinabaki 320, nyembamba na ukuta umeinama. Ukitaka panda wewe, mama umuache kwenye benchi na rozari.

mlezi_monteverde

Mwalimu nimekuelewa na hoja ya Malaika wa Bwana ni nzuri sana, dada iandike. Kuhusu kusimama tarehe 25, watu huku wanabeba vile viti vidogo vya kukunja vya wavuvi, chukua kimoja chepesi, pale kwenye ukaguzi mwoneshe mlinzi na umueleze kuwa ni cha mzee. Au mtafutie kiti cha magurudumu cha kukodi kwa siku hizo hata kama anatembea, wazee wengine wanakataa wanaona aibu ila ukishakuwa nacho walinzi wanawapitisha pembeni na mnawekwa sehemu yenye nafasi. Ongea naye taratibu kabla ya safari sio mfike hapo ndo uanze.

Na kitu ambacho nilitaka kuandika mwanzo nikapitiwa, hiyo ya Yohane Paulo II. Dada, kaburi lake liko humo humo na halipo chini kwenye ngazi, tangu 2011 lilihamishiwa juu. Mkiingia mlangoni geukeni kulia, cha kwanza mnakutana na Pietà ya Michelangelo, Mama Maria amempakata Yesu aliyeshushwa msalabani, iko nyuma ya kioo tangu mtu aliyechanganyikiwa alipoipiga nyundo 1972. Kikanisa kinachofuata ni cha Mtakatifu Sebastiani, na chini ya altare kuna jiwe jeupe limeandikwa kwa Kilatini Sanctus Ioannes Paulus. Ndo yeye. Kuna mabenchi mbele yake na watu wanakaa wanasali kimya. Kutoka mlangoni hata mita 50 sidhani kama zinafika. Hata kama siku hiyo magoti yamegoma kabisa mama atafika hapo. Mtu aliyetembea usiku kutoka Kibosho 1990 kumuona, sasa anakaa mbele ya kaburi lake, mimi naandika hapa machozi yananilenga.

Akiwa na nguvu endeleeni mbele taratibu mpaka sanamu ya shaba ya Mtakatifu Petro ameketi, iko kulia kabla ya ile altare kubwa yenye dari ya shaba ya Bernini. Mguu wake wa kulia umeguswa na mahujaji karne na karne mpaka vidole vimeisha, umebaki laini unang'aa kama sabuni iliyotumika. Wakiruhusu kusogea mwambie aweke mkono pale.

njeri_padova

Hamjambo wote. Mimi ni Mkenya naishi Padova, nataka tu kuongeza kitu juu naona kila mtu ameshikilia Mtakatifu Petro na Krismasi yenyewe iko kanisa lingine! Dada ukifika Roma usikose Basilika ya Bikira Maria Mkuu, Santa Maria Maggiore. Chini ya altare kuu ndio kunahifadhiwa vipande vya mbao vya hori ambalo kwa mapokeo ya Kanisa Yesu alilazwa Bethlehemu. Viko ndani ya chombo cha kioo na fedha, na mbele yake kuna sanamu kubwa ya Papa Pio IX amepiga magoti anaomba. Kuna ngazi za kushuka hadi hapo lakini mama si lazima ashuke, akisimama juu kwenye ule ukuta mfupi anaona vizuri kabisa. Mbao zenyewe ni za kawaida sana, nyembamba, zimekuwa nyeusi kwa uzee, na watu wanazitazama wakiwa wamenyamaza hata watoto.

Na hapo ndipo Papa Fransisko alizikwa Aprili 2025. Kabla na baada ya kila safari yake alikuwa anakwenda kusali mbele ya picha ya Mama Maria pale, hata alipokuja kwetu Nairobi 2015, na aliandika mwenyewe azikwe karibu na picha hiyo. Kaburi ni jiwe la kawaida limeandikwa FRANCISCUS tu, nothing ingine, hakuna tarehe hakuna maneno. Kuna foleni lakini inasonga. Kanisa lenyewe ni tambarare na ukiingia juu ukutani kuna picha za mozaiki za karne ya 5, hizo mwambie mama aketi kwanza ndio aangalie, shingo inauma.

Kwa mtu wa magoti mimi ningeanza huko hata kabla ya Vatikani. Kutoka stesheni ya Termini ni kutembea kidogo tu, hivyo mkipata hoteli mitaa hiyo mama anaweza kwenda hata asubuhi na jioni.

mwana_wa_goma

Salamu kwenu bandugu. Mimi niko Bruxelles, natokea Goma. Dada kama siku zinatosha mupeleke mama na kwa Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, ni basilika kubwa, tambarare, yenye nafasi, na watu ni wachache sana kuliko kwa Petro, metro laini B inakufikisha karibu. Sisi watu wa Goma kanisa hiyo iko moyoni mwetu tangu tarehe 15 Juni 2025, pale ndipo Floribert Bwana Chui alitangazwa Mwenyeheri. Kijana wa kwetu, alikuwa anafanya kazi ya kuchunguza vyakula mpakani, wakamletea pesa apitishe mchele ulioharibika akakataa, wakamuua 2007, alikuwa na miaka 26. Kusema Kiswahili nilikisikia pale mbele ya lile kanisa kuliko siku yoyote niliyopita Roma. Mama wa WAWATA atapenda kujua kuna mwenyeheri aliyesali sala zilezile anazosali yeye kwa lugha yake.

mwl_wa_tabora

Kwa Kiswahili mmenikumbusha, enzi za Yohane Paulo II na Benedikto XVI ile tarehe 25 baada ya ujumbe Papa alikuwa anatoa salamu za Noeli kwa lugha zaidi ya 60 na Kiswahili kilikuwemo, tulikuwa tunakaa karibu na redio tunasubiri kifike, kikifika nyumba nzima inapiga vigelegele. Fransisko aliiacha desturi hiyo. Papa Leo 2025 ameianza tena kwa lugha chache, naamini zitaongezeka. Mlioko huko mkipata nafasi waambieni wahusika, sisi ni mamilioni.

binti_kibosho

Jamani nimesoma yote na nimemsomea mama kwa simu usiku huu. Alikuwa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata, kumbe analia kwenye ile ya kaburi la Yohane Paulo. Amesema Mkesha tuachane nao, atasali Misa ya usiku kanisa lolote la karibu na hoteli, ila kaburi na hori lazima. Kiti cha magurudumu kakataa kwanza, nikamwambia ni kwa ajili ya mimi nisichoke kumsubiri, akakubali. Mwalimu asante kwa hiyo ya mashahidi wa Uganda, ameniambia niichapishe aende nayo kwenye jumuiya.

Nina mawili ya mwisho. Tarehe 25 asubuhi tukiwa tumelala karibu na Termini tunafikaje Vatikani? Na viza, mama anaomba ya Ujerumani, Italia ataingia nayo?

mlezi_monteverde

Viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ni moja dada. Anaomba kwenye ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo hiyo ya Ujerumani ni sawa na anaingia nayo Italia, na Vatikani hakuna pasi inayoulizwa, unavuka tu uwanja. Ila kwenye fomu msifiche Roma, andikeni na hoteli muioneshe. Ada ni euro 90, bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, na ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, msisubiri Novemba maana nafasi za miadi huwa zinaisha.

Usafiri tarehe 25 unapungua sana, na mchana kuna masaa metro inasimama kabisa, ndo maana muda wa kurudi nao uuangalie. Angalia ratiba ya sikukuu wanayoitoa siku chache kabla. Metro laini A mnashuka Ottaviano, au basi la 64 kutoka Termini, na kwa siku hiyo moja mimi ningechukua teksi kwenda, mtoke hotelini saa tatu mfike na mapema kabla umati haujajaa, mama akae karibu na zile nguzo za pembeni kuna upenyo wa kutokea akichoka. Makumbusho ya Vatikani tarehe 25 na 26 yamefungwa kwa hiyo hata msiyahesabu. Vyakula mnunue tarehe 24 mchana, jioni yake maduka yanafunga. Chai weka kwenye chupa.

Mkishapata tarehe nitumie ujumbe, mimi tarehe 25 niko uwanjani na bendera, nitawasubiri upande wa kushoto karibu na chemchemi.